Saa moja ya Kinshasa ndani ya ordinatere ya Likasi

Mama mmoja wa Kikula alikuja kwetu ku biro ya sendika siku ya tatu asubuhi, mbele hata hatujafungua madirisha. Mkononi alishika karatasi mbili. Moja ilikuwa karatasi ya malipo ya bwana yake. Ya pili ilikuwa demande d'explication, ile barua kila mtumishi anaiogopa. Aliiokota mu mfuko wa suruali wakati alitaka kuifua. Tulimpa kiti, akakataa.

« Bandugu ba sendika, munisomee hapa. Banaandika kama bwana yangu anatokaka ku kazi saa saba na dakika kumi. Ku nyumba anafikaka saa tisa. Ile masaa mbili anaiachaka kwa nani? »

Mmoja wetu alianza kucheka, kiisha akaona uso wa mama, akanyamaza. Bwana alikuwa analala mu salon tangu siku nne. Watoto waliambiwa kama papa anaumwa mgongo.

Tulimuomba tena aketi. Jibu hatukuwa nalo, lakini mu droo tulikuwa na barua zingine sita za namna ile, zote za mwezi ule ule, zote za watu wanaopita ku mlango mmoja wa kampuni. Pamoja na yake zikawa saba. Zote zinasema neno moja: mtumishi ametoka mbele ya saa, atoe sababu mu masaa 48. Na wale saba tunawajua. Mmoja ni mtu ambaye hata ku mkutano wa sendika anafika mbele ya wale waliouita. Mwingine ni shefu wa timu. Akitoka mbele ya saa, timu nzima inamuona. Tukajiuliza: watu saba wamepatana kutoroka kazi kila siku, na kila mmoja anatoroka karibu dakika hamsini zile zile? Haiwezekani.

Jina la kampuni hatutaliandika, kwa sababu mambo mengine ingali mezani na ndivyo tulivyopatana na wanachama. Tutaeleza paka namna kitu chenyewe kilitendeka. Ordinatere za namna ile ziko sasa ku biro nyingi, na kesho inaweza kuwa karatasi ya bwana yako, ao ya mtoto wako.

Mashini mbili ku meza moja

Mu kachumba ka mlinzi, ku mlango wa kazi, kuko ordinatere moja ya meza, ya kawaida tu. Ku ukuta kuko kisanduku ambapo watu wanapitisha badji. Kinalia « tii » na chuma kinafunguka. Kile kisanduku hakina saa yake. Kinatuma namba ya badji ku ordinatere, na ni ordinatere inaandika: matrikile fulani, saa fulani. Mwisho wa mwezi orodha inatumika ku biro ya watumishi, na kule ndiko hesabu ya malipo inafanyika.

Zamani programu ya pwantaji ilikaa ndani ya ordinatere ile moja kwa moja. Tangu mwezi wa pili, kampuni ilibadilisha. Iliweka kitu ambacho mafundi wanakiita mashini virtuele. Tuliuliza maana yake, tukapewa maneno mengi ya Kifaransa, tukatoka vile tuliingia. Ni fundi mmoja kijana, mtoto wa Panda, aliyetueleza mpaka tukaelewa, na alitumia mfano wa parsele.

Parsele ni ordinatere yenyewe, ile ya chuma unaweza kushika kwa mkono. Mwenye parsele amejenga kanyumba nyuma, ameweka mpangaji. Mpangaji anakunywa maji ya parsele, anatumia kura ya parsele, lakini ana mlango wake, kitanda chake, na saa yake ku ukuta. Vile vile ndani ya ordinatere moja unaweza kuweka ordinatere ya pili isiyo na chuma. Inatumia nguvu na kumbukumbu ya ile kubwa, lakini yenyewe inajiona kama ni mashini kamili: ina Windows yake, programu zake, neno lake la siri. Ukitazama ekra, ni dirisha tu kati ya madirisha mengine. Ukilifungua lijaze ekra nzima, hutajua kama uko kwa mpangaji ao kwa mwenye parsele.

Sasa ongeza neno moja: ufunguo wa kale kanyumba hauko kwa mwenye parsele. Uko Kinshasa. Mukubwa wa informatiki, ku biro kuu, ndiye anatengeneza mpangaji mmoja wa mfano, anamvalisha, anamfundisha sheria, kiisha anatuma nakala yake ku ordinatere zote za kampuni, Likasi, Lubumbashi, Kolwezi. Anaamua nani anaingia, kama inaruhusiwa kuchomeka kle USB, kama inaruhusiwa kuchapisha, hata siku ambayo mpangaji atakufa mwenyewe kama hajapewa ruhusa mpya. Fundi wa Likasi anafuta vumbi na kubadilisha waya. Mwenyewe alituambia: « Miye niko paka mulinzi wa parsele. »

Kitu hiki si kipya, hata kama kwetu kinaonekana kipya. Kampuni ya Marekani IBM ilikuwa inagawanya mashini zake kubwa hivyo tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza programu yake ya VM/370, wakati huku kwetu nchi ilikuwa tu imeanza kuitwa Zaïre. Ku ordinatere ndogo za meza ilifika mwaka 1999, na VMware, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1998. Mwaka 2004 VMware hao hao walitoa programu kwa jina ACE, na kazi yake ilikuwa hasa hii tunayosema: mukubwa mmoja anatengeneza mashini moja na kuituma ku meza za watumishi wote pamoja na sheria zake. Tangu pale wengine wengi wamefanya vyao.

Kampuni ilikuwa na sababu

Hatuandiki hapa kusema mashini ni mbaya. Tulipokutana na mukubwa wa biro ya watumishi alitupa sababu, na zingine zilikuwa za kweli.

Ya kwanza, programu ya pwantaji ni ya zamani. Iliandikwa kwa Windows XP, na yule aliyeiandika haonekani tena. Microsoft iliacha kutunza XP tarehe 8 Aprili 2014. Tangu siku ile ugonjwa wa ordinatere ukiingia karibu hakuna dawa inatoka. Lakini kubadilisha programu nzima ni makuta mengi. Basi wanaifungia XP ndani ya kanyumba, mlango umefungwa, na parsele yenyewe inakuwa na Windows mpya. Mu kazi ya migodi mambo hii iko mingi: mizani ya kupimia malori, vyombo vya laboratoire, vyote vina programu zilizozeeka kuliko mafundi wanaozitumikisha.

Ya pili ni kle USB. Kila mtu anakuja na nyimbo zake, filamu zake, na virusi vyake. Ya tatu walitaja kwa sauti ya chini, na sisi tuliishika kwa sauti ya chini pia: zamani mlinzi aliweza kubadilisha saa ya ordinatere. Rafiki amechelewa, saa inarudishwa nyuma dakika ishirini, rafiki anapitisha badji, saa inarudi mahali pake. Ilifanyika. Tunawajua waliofanya, na tunawajua waliofaidika. Kwa hiyo ku mashini mpya saa ilifungwa na kufuli: hakuna mtu wa Likasi anaweza kuigusa.

Na ni ile kufuli ilitunyonga.

Saa mbili ku ekra moja

Kila mtu wa Katanga anajua kama nchi yetu ina saa mbili. Magharibi wanafuata saa ya Kinshasa, sisi tunafuata saa ya Lubumbashi, tuko mbele yao na saa moja. Televisheni ikisema kule ni saa mbili ya usiku, hapa ni saa tatu na watoto wamekwisha kula bukari na kulala. Ukishuka ndege Luano, saa ya mkono unaisukuma mbele. Ni mambo ya kawaida mpaka hakuna anayeyafikiria.

Yule mpangaji wa mfano alizaliwa Kinshasa. Alivalishwa saa ya Kinshasa. Na Windows yenyewe haisaidii: mu orodha yake ya saa za dunia hutakuta jina Lubumbashi. Mtu wa hapa anatakiwa kuchagua mstari ulioandikwa Harare na Pretoria. Asiyejua anaacha vile alivyokuta. Wakaacha, wakafunga kufuli, wakatuma.

Tulijua hayo namna gani? Si kwa akili nyingi. Tuliomba kwenda ku kachumba ka mlinzi saa ya kutoka posti ya asubuhi, pamoja na mukubwa wa biro ya watumishi na yule fundi kijana. Watu wanatoka, kisanduku kinalia tii, tii, tii. Tulitazama ekra: 13h12. Tulitazama saa zetu za mkono: 14h12. Mukubwa akasema kwa haraka kama ordinatere imekosea, itatengenezwa. Fundi hakujibu. Alipunguza dirisha la mpangaji, likawa dogo, na nyuma yake ikatokea ekra ya mwenye parsele. Kule chini ku pembe, saa ilikuwa 14h12. Saa mbili ku ekra moja, moja ya kweli, moja ya Kinshasa. Mlinzi aliguna. Miezi mitatu alikuwa anaketi mbele ya kile kitu, lakini dirisha lilijaza ekra nzima, na saa yake yeye anaitazama ku telefone.

Mtu anaweza kusema: kama saa inakosea ku kuingia na pia ku kutoka, si hesabu inabaki sawa? Sisi pia tulifikiri hivyo, tukakaa na kalamu. Angalia. Posti ya asubuhi ni kutoka 6h00 mpaka 14h00. Mtumishi anafika 5h45, mashini inaandika 4h45. Lakini programu haihesabu kitu mbele ya 6h00, ni sheria ya kampuni tangu zamani: ukifika mapema ni mapenzi yako. Anatoka 14h10, mashini inaandika 13h10. Basi programu inahesabu kutoka 6h00 mpaka 13h10, na inasema: huyu ametoka dakika 50 mbele ya saa. Kule mbele wanakata, kule nyuma hawarudishi. Posti ya usiku ni vile vile.

Dakika 50 kila siku, mwezi wa siku 26, ni dakika 1.300. Ni masaa 21 na dakika 40. Kwa miezi mitatu ni masaa 65, ni kusema siku nane za kazi na saa moja juu yake. Na aliyetoka haraka zaidi, 14h02, alipoteza karibu saa nzima kila siku. Mwenye kuchelewa mu vestiaire akioga polepole, yeye alipoteza kidogo. Maajabu: mtu alilipwa kufuatana na urefu wa kuoga kwake.

Ongeza prime ya kutokosa kazi, ambayo inaanguka ukiwa na « kutoka mbele ya saa » mara tatu mu mwezi. Wote waliikosa. Hakuna aliyebaki nayo, hata wale wazee ambao hawajaikosa tangu miaka kumi.

Kwa nini watu hawakulalamika mwezi wa kwanza? Tuliuliza, na jibu lilituuma kidogo. Mshahara unahesabiwa na dolari, unalipwa na franka, na bei ya dolari inapanda na kushuka kila mwezi. Makuta yakipungua, kila mtu anafikiri ni bei. Mtumishi anatazama namba ya chini, anaguna, anakunja karatasi. Mistari ya katikati, masaa, prime, makato, hakuna anayesoma. Mama yule wa Kikula ndiye alisoma, tena alisoma kwa sababu ya wivu.

« Musifute kwanza »

Kosa likishajulikana, kampuni ilitaka kwenda haraka. Ilikuwa siku ya tano mchana. Walisema: Kinshasa watatengeneza mpangaji mpya mwenye saa ya Lubumbashi, watamtuma usiku, siku ya kwanza asubuhi kila kitu kitakuwa sawa. Watu walipiga mikono. Sisi tulikuwa karibu kupiga mikono pia.

Fundi kijana alituita kando ku makoridori. Alituuliza kama tunajua nini kinafanyika kwa mpangaji wa zamani wakati mpya anafika. Hapana, hatukujua. « Anafukuzwa na bintu byake byote, » akasema. Nakala mpya inawekwa mahali pa ile ya zamani. Kilichoandikwa ndani ya ile ya zamani, kama hakijatoka, kinakufa pamoja nayo.

Hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ya lazima. Mashini za namna hii zinaweza kuwekwa mu hali mbili. Kuna ile inakumbuka: ukiandika kitu leo, kesho unakikuta. Na kuna ile kila ikizimwa inarudia vile ilivyokuwa siku ya kuzaliwa. Hii ya pili wakubwa wanaipenda sana, kwa sababu virusi ikiingia, unazima na kuwasha, imekwisha. Lakini na maandiko yanakwisha. Kwa hiyo orodha ya pwantaji haitakiwi kulala ndani ya mpangaji. Inatakiwa kutumwa ku seva, ile ordinatere kubwa ya kuhifadhi, kila mara. Kwetu ilikuwa inatumwa mara moja kwa siku, usiku. Mtandao ukikatika, inangoja mpaka urudi. Na ku Likasi, na kura inavyokatika, mtandao unakatika sana. Tuko na maji ya Lufira, tuko na Mwadingusha na Koni karibu, lakini mu nyumba zetu na mu biro zetu taa inazima tu.

Kura nayo ina mambo yake. Wakati batri ya akiba inakaribia kuisha, ile mashini ya ndani inasinzishwa sawa mtu aliyefunga macho. Ikiamka, inafikiri ni saa ile ile ilisinzia, mpaka imeuliza saa ya kweli na kujirekebisha. Mu orodha za mwezi wa tatu tulikuta siku moja watu kumi na nne wameandikwa dakika moja, 4h31, wote wakiingia pamoja sawa ku mlango wa kanisa. Mlango ule unapitisha mtu mmoja kwa mara.

Basi tulirudi mezani na neno moja tu: musifute kwanza. Tuchapishiwe orodha yote tangu siku ya kwanza ya mashini mpya, mlango kwa mlango, jina kwa jina, ipigwe mihuri mbele yetu, kiisha mutume mpangaji wenu. Mukubwa alikasirika, alisema tunamfanya mwizi. Tulimwambia hapana, Baba, hatusemi umeiba. Tunasema karatasi ikipotea, hata wewe hutakuwa na kitu cha kuonyesha kama hukuiba. Alitelefona Kinshasa. Tulingoja mpaka saa moja ya jioni. Karatasi zilijaza sanduku mbili za sabuni, na ziko kwetu mpaka leo.

Juu gani tulikaza hivyo? Kwa sababu Likasi inajua uzito wa karatasi. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya watumishi 10.000 wa Gécamines walitoka kazi mu ile operesheni ya départs volontaires, na msaada wa Benki ya Dunia, na wengi walikuwa baba zetu, wajomba zetu, majirani wa Shituru na Panda. Miaka iliyofuata tuliwaona wakizunguka na valizi: matrikile, mwaka wa kuanza kazi, mwezi gani walilipwa na mwezi gani hawakulipwa. Mwenye karatasi alisema akasikilizwa, hata kama hakulipwa. Asiye na karatasi alisema, ikabaki maneno. Na wazee hao wanatuambia kama zamani saa ilikuwa ya wote: sireni ya usine ikilia, shefu anaisikia, mtumishi anaisikia, mama ku soko anaisikia na anaweka maji ku moto. Hakuna mtu aliweza kuja kukuambia kama sireni ililia kwako saa yake na kwa mwenzako saa nyingine. Leo sireni iko ndani ya dirisha lisiloonekana, ku ekra iliyogeukia ukuta.

Sheria inasema nini

Tuliomba mtu wa Inspection du travail atusaidie kusoma. Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, inasema kazi haipiti masaa 45 kwa juma wala masaa 9 kwa siku, na kinachopita kinalipwa na nyongeza. Inasema tena kama kila malipo lazima yafuatane na karatasi inayoonyesha hesabu. Ile karatasi si zawadi. Usiitupe, usifungie karanga ndani yake.

Kuna neno jingine mu sheria ile ile ambalo watu wengi hawalijui: kudai mshahara kuna mwisho wake. Ni mwaka mmoja tangu siku mshahara ulipaswa kulipwa. Mwaka ukipita, mlango unafungwa. Ukikuta leo kama walikukata mwezi wa pili wa mwaka jana, unaweza kuwa umechelewa, hata kama haki ilikuwa yako.

Juu ya ordinatere zenyewe, tangu tarehe 13 Machi 2023 kuko ordonnance-loi namba 23/010, ndiyo Code du numérique. Imeweka sheria juu ya habari za mtu binafsi, na namba ya badji yako pamoja na saa unapita ku mlango ni habari zako. Hatujaitumia bado mbele ya mwamuzi. Tunaitaja ili delegue wengine waanze kuisoma, kwa sababu ni ndefu, na peke yetu tunaisoma polepole mno.

Ku mkutano wetu wa mwisho, kampuni ilikubali mambo fulani. Orodha ya pwantaji inatundikwa ku ubao kila siku ya kwanza, kila mtu aangalie mstari wake mbele mwezi haujafungwa. Ekra ya mlinzi imegeuzwa, saa inaonekana kutoka nje. Mpangaji mpya akitaka kutumwa kutoka Kinshasa, delegasioni inaambiwa mbele. Walikataa kutuonyesha sheria zote zilizofungwa ndani ya mashini. Wanasema ni siri ya usalama. Siri zingine tunazikubali, neno la siri la mukubwa hatulitaki. Lakini sheria inayokata makuta ya mtu si ya kufichwa, na juu ya hilo tutarudi.

Masaa 65 yalilipwa kwa mara mbili, prime nayo. Wamelipwa watumishi wa kampuni. Wale wa sous-traitance, ambao walipita ku mlango ule ule, na badji ile ile, wakakatwa dakika zile zile, hawajalipwa. Kampuni inasema ni mambo ya mwajiri wao. Mwajiri wao anasema orodha ilitoka kwa kampuni, yeye alilipa kufuatana na orodha. Ni watu 31. Hesabu ya mwaka mmoja inaendelea kupungua kila siku, na sanduku zetu mbili za sabuni zina majina yao yote. Tumewapa nakala, tumewaandikia barua ya kwanza. Wengine wanaogopa kutia sahihi.

Na zile demande d'explication zingali ndani ya dosie za watu. Makuta yalirudishwa, barua hazikutolewa. Mtu akitafuta kupanda daraja mwakani, mkubwa atafungua dosie na kusoma kama aliacha kazi mbele ya saa. Tumeomba zitolewe zote, na kila mmoja apewe karatasi inayosema kosa lilikuwa la mashini. Mkutano juu ya hilo ni mwisho wa mwezi huu.

Mama wa Kikula alirudi ku biro baada ya malipo. Safari hii aliketi. Alituuliza kama ile karatasi ya kusema kosa ni la mashini itatoka kweli, kwa sababu bwana yake anaitaka, anasema ataitundika mu salon, pale alipokuwa analala.